Msimtengee sahani, mfungulieni dirisha

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi saba, naishi huku Nanyamba na mume wangu, mama mkwe na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Shemeji alianza kukohoa Juni, wakati wa kupuliza mikorosho, na sote tukasema ni salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho. Mwezi wa tisa amepimwa makohozi, wamemkuta na TB. Ameanza dawa, sasa yuko wiki ya tatu. Mama mkwe amemtengea sahani, kikombe na kijiko, anakula peke yake barazani. Anasema huu ni ugonjwa wa ukoo, maana babu yao naye alikufa akikohoa. Shemeji mwenyewe kapata nguvu, anataka kwenda Liwale kwenye korosho, anasema dawa za miezi sita ni za nini wakati keshapona. Mimi namwogopea mwanangu, bado ananyonya. Huyu mdudu wa TB ni mdudu gani, na sisi tufanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuuguza. Nianze na mtoto, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja hadi umalize kusoma, yeye hapana.

Endelea kumnyonyesha. TB haipiti kwenye maziwa ya mama. Lakini kesho asubuhi mbebe, chukua na kadi yake ya kliniki, mwende kituo kilekile anakochukulia dawa shemeji yako, na neno la kwanza ukifika mapokezi liwe hili: "Mtoto huyu anaishi nyumba moja na mgonjwa wa TB ya mapafu." Watampima uzito na kuangalia mstari wa kwenye kadi kama unapanda au umelala, watauliza habari za homa na kikohozi, watampapasa shingo kutafuta tezi. Akiwa na dalili atafanyiwa uchunguzi na kuanza matibabu. Asipokuwa nazo ataanzishiwa dawa kinga, na hiyo usiikatae kwa kuwa mtoto anacheza na ni mzima. Inatolewa kwa wazima. Mtu akikwambia mtoto ana kovu la chanjo begani kwa hiyo hana haja, usiondoke. Chanjo ya BCG, waliyoitengeneza Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin na ikaanza kutolewa mwaka 1921, inamkinga sana mtoto dhidi ya TB ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Haimzuii mdudu kuingia kifuani. Na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, safari ya kutoka kuambukizwa hadi kuugua vibaya inaweza kuwa ya wiki chache tu, kwa sababu mwili wake bado haujajua kupigana na mdudu huyu.

Sasa mdudu mwenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Mycobacterium tuberculosis. Ni bakteria mwenye umbo la kijiti, mdogo kiasi kwamba ungewapanga kichwa kwa mkia ingehitajika kama 300 wao ili kutimiza milimita moja. Kinachomtofautisha na bakteria wengine ni koti. Ukuta wake wa nje umejaa mafuta mazito yanayofanana na nta, na koti hilo ndilo linalomfanya asikauke upesi, dawa nyingi za kawaida zisimpenye, na hata rangi za maabara zipate tabu kwake. Mtaalamu wa maabara akipata makohozi huyatandaza kwenye kioo, akamimina rangi nyekundu na kuipasha moto kwa chini ili nta ilegee, rangi iingie. Kisha anaosha kwa asidi na spiriti. Karibu bakteria wengine wote huiachia rangi hapo. Huyu haiachii. Mwisho anapaka rangi ya buluu juu ya yote. Ukiinamia darubini unaona uwanja wa buluu, na ndani yake vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimejipinda kidogo, vingine vimelaliana kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Nimeviona mara nyingi kwa miaka mingi, na hata leo nikiviona hunyamaza kwanza, maana najua kikopo kile kimetoka kwenye nyumba yenye watoto.

Lakini mdudu huyu mwenye koti la nta ni mzito wa kuzaana. Wapo bakteria wa tumboni ambao mmoja anakuwa wawili kila baada ya dakika 20. Huyu wa TB anahitaji kama saa 20. Shika hapo kwenye uzito wake, kwa sababu karibu kila ulichoniuliza kinatokana na jambo hilo. Ndiyo maana mtu anakohoa miezi mitatu bado anakwenda shamba. Ndiyo maana maabara wakitaka kumwotesha mdudu huyu husubiri wiki mbili hadi nane. Na ndiyo maana dawa zinachukua miezi sita.

Nije kwenye sahani. Mdudu huyu anasafiri kwa hewa. Shemeji yako akikohoa, akiongea kwa sauti au akicheka, hutoka matone. Makubwa yanaanguka chini na hayana habari tena. Madogo hukauka yakiwa hewani, yakabaki chembe nyepesi mno. Umewahi kujilaza mchana kwenye nyumba ya makuti ukaona mwale wa jua ulivyopenya kwenye tundu, na vumbi likicheza ndani ya ule mwale bila kutua? Chembe zenye TB ni ndogo kuliko vumbi lile. Katika chumba kilichofungwa zinaelea kwa saa nyingi, hata baada ya mgonjwa kutoka, mpaka mtu azivute ndani kabisa, kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko ndiko mdudu anakotaka kufika. Akiwa kwenye sahani, kijiko, shuka au kiganja cha mkono, hana njia ya kufika huko.

Kwa hiyo mama mkwe wako mweleze kwa adabu zote: baraza amepatia, sahani amekosea. Nje upepo unapita na jua linapiga, na jua la moja kwa moja humuua mdudu huyu. Basi nendeni mkale wote barazani, kwenye sinia moja kama mlivyozoea. Kumtenga mgonjwa chombo kunamvunja moyo bila kumkinga mtu yeyote, na mimi nimeona wagonjwa walioacha dawa si kwa sababu ya vidonge bali kwa sababu ya kikombe kilichotundikwa peke yake kwenye msumari. Kinachokinga ni hewa. Kwa sasa shemeji alale chumba chake peke yake, dirisha wazi mchana na usiku. Najua nyumba zetu nyingi dirisha ni dogo na usiku linafungwa kwa kuogopa mbu na wezi. Mbu wana chandarua, na dirisha unaweza kuliwekea nondo au vijiti imara hewa ipite. Akikohoa azibe mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Mtoto asilale naye chumba kimoja.

Nikupe na habari ya kutuliza: dawa zikifanya kazi, wiki mbili tu za mwanzo hupunguza sana uwezo wa mgonjwa kuambukiza. Yeye yuko ya tatu. Hatari kubwa nyumbani kwenu ilikuwa kuanzia Juni hadi Septemba, kabla hamjajua, madirisha yakiwa yamefungwa. Ndiyo maana nataka wewe, mume wako na mama mkwe nanyi mkachunguzwe.

Hapa lazima niseme kuhusu salfa, maana jambo hili linaniuma. Kila mwaka mikorosho ikianza kupulizwa, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Masasi na Nachingwea, watu wanakohoa. Ni kweli salfa inachoma koo na kubana kifua. Lakini kikohozi cha salfa hupungua mtu akikaa mbali na vumbi lile. Hakimletei homa ya jioni, hakimlowanishi jasho usiku mpaka abadilishe shuka, hakimkondeshi suruali ikahitaji kamba. Miaka ya nyuma nilimpokea mkulima mmoja aliyeniambia, "Ni salfa tu, daktari," nami nikaamini, nikampa dawa ya kikohozi nikamrudisha nyumbani. Sikumpima uzito. Novemba alirudi akitema damu, na safari hiyo alikuja na mkewe, naye akikohoa. Tangu siku hiyo, yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi mbele yangu anatoa makohozi, awe amepuliza salfa au hajawahi kuliona bomba la kupulizia.

Na kipimo cha kwanza kikisema hakuna kitu, kikohozi kikaendelea, rudini. Darubini inahitaji kama vijiti 10,000 katika kila mililita moja ya makohozi ndipo ivione bila tabu, kwa hiyo mgonjwa wa mwanzoni anaweza kuipita. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya mdudu, inahitaji wachache zaidi, inatoa jibu ndani ya saa mbili, tena inasema kama dawa ya rifampisini bado inamweza. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefunza panyabuku kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, na wameokoa wagonjwa ambao darubini iliwapita. Huwa nafurahi kuwasimulia wagonjwa wangu habari hiyo, maana huku Kusini panyabuku tunamjua kwa mambo mengine.

TB si lazima ikae kwenye mapafu. Inaweza kuvimbisha tezi za shingo, kujaza maji kwenye kizimba cha mapafu, kula pingili za uti wa mgongo hadi mtu akapinda, au kuingia kwenye utando wa ubongo. Ila inayoambukiza kwa hewa ni ya mapafu na koo.

Je, ni ya ukoo? Mama mkwe hayuko peke yake. Hata Ulaya madaktari wengi waliamini hivyo, kwa sababu waliona baba anakufa, kisha binti, kisha mjukuu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Mjerumani Robert Koch alisimama mbele ya wenzake akawaonyesha kijiti chenyewe, na siku hiyo hadi leo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Kinachorithiwa kwenye ukoo ni chumba. Watu wanaolala pamoja wanavuta hewa moja, basi wanaugua kwa kufuatana.

Tena anayeambukizwa si lazima augue. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wamewahi kumvuta mdudu huyu. Askari wa mwili humzingira na kumjengea boma, naye hulala ndani ya boma lile bila kufa, miaka na miaka. Mtu wa namna hiyo hakohoi wala haambukizi. Kati ya 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio wataugua maishani mwao, wengi wao katika miaka miwili ya mwanzo. Boma hubomoka kinga ya mwili ikishuka: VVU, kisukari, njaa ya muda mrefu, pombe, sigara, na vumbi la mawe kwa vijana wetu wa machimboni kule Namungo, Ruangwa. Anayeishi na VVU hatari yake inakaribia mara 16 ya asiye nayo. Kwa hiyo kituoni shemeji atakuwa amepimwa VVU, na kama bado, apimwe, pamoja na sukari. Kupimwa si kushutumiwa. Wengi wenye TB hawana VVU, na aliye nayo anatibiwa yote mawili akapona TB yake kama wengine.

Sasa miezi sita. Mwambie shemeji akae, umsomee polepole.

Katika tundu moja la pafu lililoliwa na TB wanaweza kuwemo vijiti milioni 100. Kwa bahati ya maumbile tu, bila kosa la mtu, kijiti kimoja katika kila milioni 1 huzaliwa hakidhuriki na isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB. Kimoja katika kila milioni 100 hakidhuriki na rifampisini. Ukimpa mgonjwa isoniazidi peke yake, unaua wote, unabakiza kama 100 wasiojali, nao watazaana mpaka wajaze tena lile tundu. Ukimpa dawa zote mbili kwa pamoja, kijiti cha kuzishinda zote kwa mpigo ni kimoja katika trilioni 100, na hao hawatoshi kuwemo kifuani mwa mtu mmoja. Ndiyo maana kidonge chake ni cha aina moja lakini ndani zimo dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili za kwanza.

Wiki za mwanzo dawa huua wale wanaozaana kwa kasi, ambao ndio wanaoleta homa na kikohozi. Hapo ndipo shemeji alipo, ndiyo maana anasikia kapona. Lakini kumbuka uzito wa mdudu huyu. Wapo waliosinzia, hawazaani kabisa kwa wakati huu, na dawa humwua mdudu vizuri pale tu anapofanya kazi. Inabidi dawa iwe damuni kila siku, imngoje kila mmoja aamke. Akiiacha sasa, hao waliolala wataamka Januari wakiwa hawana wa kuwazuia. Akiwa wa kumeza leo na kuacha kesho, atawafundisha kuishi na dawa, na hapo tunazungumzia TB sugu. Hiyo hutibiwa kwa dawa nyingine zenye usumbufu zaidi. Matibabu yake hapa nchini yalianza 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, Siha, Kilimanjaro, na kwa miaka kadhaa mgonjwa wa Mtwara ilimlazimu kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 akalazwe huko, mbali na watu wake.

Miezi sita yenyewe ni nafuu kubwa. Zamani ilikuwa mwaka mzima hadi mwaka na nusu, na sindano juu yake. Ni wagonjwa wa Afrika Mashariki, Watanzania wakiwemo, walioshiriki majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliyoonyesha kwamba rifampisini ikiongezwa, miezi sita inatosha. Kisha 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, akajenga na wenzetu utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa kwa daftari, kwa makohozi na kwa mtu wa kumsimamia anapomeza. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo likausambaza duniani kote. Kadi aliyonayo shemeji yako mfukoni ina historia hiyo.

Kuhusu Liwale, simkatazi. Mtu mzima ana riziki ya kutafuta, na korosho hazingoji. Ila asiondoke kimyakimya. Apite kituoni, aseme anakwenda wapi na atakaa muda gani, aandikiwe uhamisho na kupewa dawa za njiani. Atapokelewa kule na kuendelea na dawa zilezile, bure. Ningependa tu kwanza akamilishe miezi miwili, mwili wake urudi. Ale ashibe: ugali na samaki, mbaazi, kunde, njugu mawe, mayai mkijaliwa. Na msimu wa mabibo ndio msimu wa uraka na gongo. Hapo sina mjadala naye. Dawa zake tatu zinapita kwenye ini, pombe nayo inapita huko huko, na ini likilemewa utaona macho yamekuwa ya njano, anatapika, chakula hakitaki. Akifika hapo asimeze kidonge kingine, aje kituoni siku hiyo hiyo. Aje pia akianza kuona ukungu machoni, au nyayo zikifa ganzi. Ganzi ina vitamini yake ya kuitibu. Mkojo kuwa na rangi ya chungwa ni rangi ya rifampisini tu, msishtuke.

Limebaki la mama mkwe. Usibishane naye, mpe kazi. Dawa hizi humezwa asubuhi kabla ya kula, na katika nyumba nyingi za kwetu anayeamka wa kwanza ni bibi. Awe yeye msimamizi: akae na pakiti na kadi, amwite mwanawe alfajiri, amwone anameza kwa maji, aweke alama. Mkiafikiana, mama na shemeji waende kituoni pamoja jina lake liandikwe. Kule Liwale atafute mwingine wa kumsimamia. Makohozi yatapimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita, na mama ndiye wa kukumbusha tarehe. Kikopo kijazwe asubuhi kabla hajala: asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua, kisije kuwa mate matupu. Na asikohoe chooni wala chumbani. Atoke nje, nyuma ya nyumba, mahali upepo unapopita.